Mshale Ulikuwa Katikati

Kitwe, Zambia

Baba yangu,

Salamu aleikum, wewe na wote waliolala salama katika kiwanja chako. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba, miwani puani, na kwamba lile goti limekuruhusu kwenda msikitini siku hizi. Mama naye, je? Kifua chake kimetulia? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza, asubuhi spana inauma mkono kabla hujaanza kazi. Ugali wao ni wa mahindi matupu, hauna muhogo hata kidogo, lakini unashibisha, nami nimeacha kulalamika.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Baba, usikasirike, masikio yako yameliwa na injini. Nikipiga, simu inawekwa sauti kubwa, na kiwanja kizima kinasikiliza pamoja nawe, hadi jirani anayetwanga majani ya sombe. Neno hili nataka ulisome peke yako. Mama Zaina muuza vitenge anapanda boti Mpulungu kurudi kwetu Baraka, naye amekubali kulibeba.

Ni habari ya Subira, lile gari letu. Usikunje uso kwanza, soma hadi mwisho.

Mimi sikuwapo siku gari letu lilipokufa kwenye kilima cha kupanda Fizi, lakini nimesimuliwa na watu wengi hata naona kama nilikuwa nimepanda juu ya magunia. Subira imejaa bamama na ndagala zao kavu za ziwani za kwenda kuuzwa Lulimba. Shemeji Wilondja yuko kwenye usukani, yule uliyemfundisha gari mwenyewe kabla hujampa mdogo wangu Mauwa awe mkewe. Katikati ya kilima moshi unatoka, injini inagonga, kisha kimya. Ilipovutwa hadi nyumbani na kufunguliwa, kichwa cha injini kilikuwa kimepinda, na mpira mmoja wa maji wa upande wa nyuma ulikuwa umepasuka. Maji yote yalikuwa yamebaki njiani.

Ukamwita Wilondja mbele ya watu. Alisema maneno machache tu, ya mshale wa kipimo cha joto: "Baba, mushale ilikuwa katikati. Kisha ikashuka. Nilizani imepoa."

Watu wakacheka. Wewe ukamwambia: "Gari inaungua, we unasema imepoa? Ulikuwa unaangalia wapi?" Na Mama Bitondo, muuza ndagala aliyekaa mbele pamoja naye, akaongeza, bila ubaya wowote, maana ndivyo alivyoona: "Ni kweli alicheka. Alituambia, bamama musiogope, gari imepoa." Hapo ndipo ulipowaka. Dereva anayecheka huku gari la mkwe wake linaungua! Ukasema asikanyage tena kiwanja chako.

Naye akainamisha kichwa akaondoka. Angesema nini? Wewe ni baba mkwe wake. Kwetu mkwe hasimami mbele ya mkwe wake kubishana kama watu wawili sokoni. Anasema mara moja, anatazama chini, basi. Sisi sote tuliufanya ukimya ule kuwa ushahidi. Ni Mama peke yake aliyekataa. Nakumbuka alivyoniambia kwenye simu: "Ule mutoto, kama angetaka kudanganya, angetafuta uongo ya muzuri kuliko ile." Ukamnyang'anya simu.

Sasa sikiliza yaliyotokea hapa garaji wiki hii.

Alikuja mama mmoja mfuga kuku, pikapu yake imevutwa kwa kamba, injini imeungua. Anaapa kwamba mshale wa joto kwenye tablo, pale mbele ya usukani, ulikuwa mahali pake siku zote. Baba, maneno yako yalinitoka mdomoni kama yalivyo: "Mama, ulikuwa unaangalia wapi?" Ba Mulenga, fundi wetu mkuu, mzee anayependa ubishi kuliko chai, akanitazama. "Washa imbabula," akasema, yaani jiko la makaa. "Lete sufuria."

Akafungua kwenye injini kile kidude cha shaba, kinachozama ndani ya maji na kupeleka habari kwenye tablo. Akakifunga nyaya ndefu, akakitia kwenye sufuria ya maji juu ya makaa, akawasha swichi ya gari. Maji yalivyopata moto, mshale uliinuka taratibu, ukafika katikati, ukasimama. Tukangoja. Maji yakaanza kutoa mvuke, kisha yakachemka, yakarukia makaa, na yule mama mfuga kuku akarudi nyuma asiungue miguu. Mshale haukusogea, Baba. Maji yanatokota mbele ya macho yangu, na tablo inasema hakuna shida.

Ba Mulenga akaeleza kwamba wengi waliotengeneza vipimo hivi vya joto hawakutaka dereva ahangaike kila anapopanda kilima. Mshale ukishafika katikati unatulizwa hapo, joto lipande kidogo, lishuke kidogo, wenyewe hausemi kitu. Siku ukiuona umeondoka kwenda kwenye nyekundu, mara nyingi injini imekwisha kuumia. Mimi nimekuwa fundi miaka yote hii, nabadilisha vidude hivyo, na sikuwahi kutia hata kimoja ndani ya sufuria.

Nikamwuliza: "Na maji yakimwagika yote?"

Alishika waya, akakitoa kidude kwenye maji, akakining'iniza hewani. Mshale ukaanza kushuka. Polepole, vizuri kabisa, kama gari linalopoa. "Kinapima maji," akasema. "Maji hakuna, kipime nini?"

Baba, nilikaa juu ya tairi. Nilimsikia Wilondja kama yuko nyuma yangu. Mushale ilikuwa katikati. Kisha ikashuka. Nilizani imepoa. Alikuwa ametuambia kila kitu, kwa mpangilio wake, na jambo lile lile tulilomchekea ndilo lilionyesha kwamba macho yake hayakutoka kwenye tablo. Mtu asiyeangalia asingejua kwamba mshale ulishuka. Aliwafurahisha bamama kwa sababu yeye mwenyewe alifurahi. Nimesikitika hata chakula cha mchana sikukigusa, na ba Mulenga alidhani nimepata habari ya msiba.

Kuna jambo jingine, nalo naliandika kwa heshima. Ba Mulenga aliuliza tulikuwa tunajaza maji gani. Nikamwambia: ya ziwa. Wewe ulituagiza hivyo, na kila mwenye gari Baraka anafanya hivyo, kwa sababu maji ya mto yana mchanga na ya ziwa ni meupe, unaona hadi miguu yako. Akatikisa kichwa. Itazame birika ya Mama, ule ugaga mweupe wa ndani ambao anausugua kwa mchanga na kesho yake umerudi. Kitu hicho hicho kilikuwa kinajijenga ndani ya Subira, kinaziba njia za maji na kukivalisha kidude kile koti. Injini ya Subira bado iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo. Ukitaka, kifungue kile kidude wewe mwenyewe, ukiweke karibu na birika, uone. Sisemi ni kosa lako. Hakuna aliyejua. Ungejua wewe, Wilondja angejua, maana alichokijua kuhusu gari alikipata kwako.

Ninachojutia si gari. Ni hii miaka. Dereva uliyemsifia mbele ya mabwana wote wa magari analima muhogo Lubondja. Mauwa anakuja Idi peke yake, na kabla jua halijashuka ameshajifunga kitenge cha kurudi. Juzi alinipigia. "Yaya," akasema, kama anavyoniita mimi kaka yake, "tukisha kuvuna karanga, tunashuka Kazimia. Kule tutapanda boti ya Kalemie. Bwana yangu amechoka kupita mbele ya nyumba ya Baba kama mwizi. Batoto banamujua koko, babu yao, kwa picha tu." Hakulia, Baba. Angelia ningepata nguvu zaidi. Wakishavuka hawatarudi, wewe unajua, mimi mwenyewe nilisema nakuja Zambia kutafuta tairi.

Yeye hawezi kuja kwako bila kuitwa. Mauwa hawezi kukuomba. Mimi niko mbali, na neno hili likitoka kwangu kwa simu litakuwa habari ya fundi tu. Ni wewe uliyemfukuza, ni wewe unayeweza kumwita, na karanga huko Lubondja zinakaribia kung'olewa.

Msalimie Mama, mwambie birika isisuguliwe kwanza. Msalimie shangazi Riziki, msusi wetu, na kaka Alimasi anayeshona nyavu, nimesikia amepata mtoto wa kike, Mungu amkuze. Mama Bitondo pia msalimie, asijilaumu, yeye alisema aliyoyaona.

Wilondja simtumii salamu. Salamu yake ipeleke wewe. Tafuta pikipiki, dereva aende polepole kwa ajili ya goti lako, ufike Lubondja. Usimweleze habari za sufuria wala za ugaga, hayo atayasikia siku nyingine. Hatakutazama usoni, atainamisha kichwa kama siku ile. Mrudishie tu maneno yake: "Mwanangu, mushale ilikuwa katikati."

Mwanao akupendaye,
Ramazani