Nyusi za Mama Usoni Pangu

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote, u mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Na shemeji je, na mapacha? Sisi huku tunapumua. Baba anakula vizuri, ila macho yanazidi kufifia, na kumbukumbu huja na kuondoka inavyotaka yenyewe.

Umeniuliza uchague nyusi za namna gani: za kuchanjwa vistari kama nywele, au za kutiwa rangi laini kama unga. Ngozi yako ni kavu, vistari vitakukaa. Mwenye ngozi ya mafuta kama mimi achukue unga, na anayebisha aje kwangu. Mimi mwenyewe nilibisha.

Nilikwenda saluni na ile picha ya Mama ya kitambulisho. Nikataka nyusi zake hasa, pamoja na ule wa kushoto uliopanda juu kama anayekuuliza ulikuwa wapi.

"Dada, mafuta haya yatavivuruga vistari," mchora nyusi akaniambia. "Halafu mtu huchorwa kwa mifupa yake, si kwa picha."

Nikamhutubia robo saa nzima. Nimegombana na mawaziri magazetini, nitashindwa na mafuta ya uso? Akacheka. "Haya, dada, uso ni wako. Lala."

Unajua kwa nini niliitaka sura ile. Mama alifariki tukiwa hatusemezani, miezi saba, kwa sababu ya ile makala yangu iliyomwanika kaka yake. Nilidhani nikimbeba usoni atakuwa amenirudia.

Amerudi. Vistari vimevujiana, vimekuwa vizito kama nyusi zake za uzeeni. Kioo cha bafuni nimekifunika kwa taulo.

Wiki ya tatu baada ya kuchorwa nilimpelekea Baba chai. Akanitazama sana, akasogeza miguu ili nikae.

"Umerudi, mke wangu? Nilitaka kukuomba. Yule mkubwa wetu, msamehe. Ni mdomo tu, moyoni hana ubaya."

Nikaketi, nikasema, "Nimemsamehe." Akanibusu mkono.

Tangu hapo huniuliza kila asubuhi, na kila asubuhi nasamehe. Siwezi kukueleza ni raha gani, na ni aibu gani.

Jana aliuliza tena. Nikafungua mdomo niseme lile lile, ikatoka sauti tulivu ambayo mimi sina: "Bado."

Baba akainamisha kichwa. "Basi nitakuuliza kesho."

Leo nilimpa chai nikiwa nimejitanda khanga hadi machoni, hakuuliza kitu. Alilia tu.

Alhamisi narudi saluni. Nitamwambia mchora nyusi azifunike kwa unga, azishushe zilingane, na sitabishana naye. Zimebaki asubuhi nne, na Baba hana mwingine wa kumpelekea chai.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha, mpe pole shangazi kwa goti lake. Mungu awafunike nyote kwa amani.

Ni mimi, dada yako akupendaye, hata tukigombana.