Jioni Ulipofanywa Papa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na wifi yangu ambaye mpaka leo sijamtia machoni. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto linamwacha azunguke. Baba macho yamepungua, ila ukimpa sindano bado anatunga uzi mwenyewe, na akikosa anasema sindano za siku hizi zimetobolewa na watu bahili. Mimi nipo na pasi yangu, naungua vidole kama ulivyoniacha.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu nimejaribu, kaka. Kila nikitamka neno Baba, mtandao wako hukatika, na mimi si mtoto wa jana. Barua huwezi kuikatia. Unaweza kuichana tu, na najua hutaichana kabla hujafika mwisho, maana kupenda habari ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Habari za kufiwa na Baba Mtakatifu bila shaka ulizisikia huko uliko. Sisi zilitukuta kazini, redio ikiwa juu ya rafu ya vitambaa. Baba alikuwa anapunguza suruali ya mwalimu. Aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikasimama, akabaki ameushika ule mguu wa suruali kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Jioni hiyo paroko akaja kuagiza vitambaa viwili vya mlango wa kanisa: cha zambarau kwa maombolezo, na kingine cheupe na manjano, kitakachotundikwa siku akipatikana Papa mpya. Cha zambarau tulikimaliza haraka. Hiki cha pili ndicho chenye habari.

Unaikumbuka sala yetu ya jioni. Baba hutaja majina na sisi tunaitikia. Kwanza Baba Mtakatifu, halafu askofu, halafu paroko, halafu watoto kwa jinsi tulivyozaliwa: dada mkubwa, wewe, mimi, na mwisho marehemu wetu. Wewe hujawahi kuisikia tangu mwaka ule uliporudi kutoka seminari ukamwambia Baba hutapokea upadre, unaoa, wakati kasula, vazi la padre la kusomea misa yako ya kwanza, alishaimaliza kuishona na ilikuwa imetundikwa. Hakugomba, hakukufukuza. Ulipoondoka alikuruka tu kwenye sala. Dada mkubwa, kisha mimi. Na Mama, pale katikati, kila jioni alikuwa anakohoa kidogo. Miaka yote nilidhani ni kifua.

Sasa sikiliza. Jioni ya siku ya msiba tulipiga magoti kama kawaida. Baba akaanza, tumwombee Baba yetu Mtakatifu, halafu ulimi ukamkwama, maana jina la kutia pale halikuwepo tena. Unamjua mzee. Hawezi kuona tundu la kifungo bila kifungo. Akavuta pumzi, na kilichomtoka kinywani ni jina lako. Tena si la ubatizo, ni lile la utotoni, la enzi ulipokuwa ukibingirika chini ya cherehani kama bobini ya uzi iliyodondoka. Alisema, kaka, mbele ya Mungu na mbele yetu sote:

“Baba yetu Mtakatifu Bobini.”

Na sisi kwa mazoea tukaitikia, ee Bwana utusikie, kabla akili haijafika. Kwa hiyo ujue kwamba wewe uliyeukimbia upadre uliruka uaskofu, ukaruka ukardinali, ukaangukia kwenye Upapa, ukakaa hapo kwa muda wa pumzi moja. Hakuna aliyecheka. Ningecheka, lakini niliuona mkono wa Baba ulivyoishika rozari. Akaendelea na askofu kana kwamba hakuna lililotokea, na mezani alizungumzia bei ya zipu.

Kesho yake nilimsubiri. Akasema tuwaombee makardinali watakaotuchagulia mchungaji, kisha kwa sauti ya chini akaongeza, na Bobini. Keshokutwa yake vilevile. Lakini alipofika kwa watoto, alikuruka kama siku zote. Hapo nikaelewa, na moyo ukafurahi na kuniuma kwa pamoja. Baba alikuwa amekupatia chumba kwenye nyumba ya mtu, na mwenye nyumba alikuwa njiani.

Mama alielewa kabla yangu. Parokia nzima ilikuwa inafunga na kusali tupate Papa upesi. Nilikuwa nasali nao, na nilikuwa na hofu ya kweli. Kanisa lisilo na baba ni kitu cha ajabu, unaingia misani na unasikia lile pengo kwenye sala ya padre, unatamani lizibwe. Lakini nyumbani kwetu lile pengo ndimo ulimokuwa wewe. Redio ikisema moshi umetoka, Mama aliuliza wa rangi gani, na akiambiwa mweusi, yaani Papa bado hajapatikana, alisema Bwana asifiwe. Jirani yetu muuza mkaa akaniuliza kwa upole kama Mama siku hizi anasikia vizuri.

Kisha uzi wa manjano ukapotea. Kitambaa cha mlango kilikuwa kimebaki upindo tu, na uzi wa rangi ile madukani ulikuwa umekwisha, maana kila parokia ilikuwa inashona. Nilitafuta chini ya meza, nikapekua mpaka kwenye mabaki. Baba aliniambia niache, utaonekana, tufanye kazi nyingine kwanza. Nilishangaa. Mtu ambaye pini moja ikipotea hatulali, leo anapotelewa na uzi wa kazi ya kanisa na amekaa anapiga mluzi.

Siku moja tukichambua mchele, Mama akanimwagia yote. Uzi alikuwa ameuficha ndani ya soksi zake za Jumapili. Alijua, alisema, kwamba makardinali hawasubiri upindo wa kitambaa chetu, lakini mkono ulishafanya. Na zaidi ya hapo alikuwa amemwomba Mungu wazee wale wabishane kidogo, si kwa dhambi, kwa kuchelewa tu. Moyo ulimsuta akaenda kuungama. Anasema paroko alipaliwa na kikohozi, kisha akamwambia Roho Mtakatifu hacheleweshwi na uzi, aurudishe. Nikamuuliza mbona basi uko bado kwenye soksi. Akanijibu kwamba paroko hakusema aurudishe lini.

Ndipo nikamuuliza kwa nini asimwambie tu Baba kwamba anataka jina la mwanawe libaki. Mama aliweka ungo chini.

“Baba yako ukimwelekeza mkasi, anakata upande mwingine,” alisema. “Hilo jina limetoka lenyewe. Tukiligusa litarudi ndani, na mimi sina miaka mingine ya kukohoa.”

Hapo ndipo nilipojua kile kikohozi kilikuwa nini. Alikuwa anakutaja, kaka. Kila jioni, miaka yote hiyo, mahali pako palepale. Nilikwenda nikasimama nyuma ya nyumba nikalia, halafu nikarudi kwenye mchele.

Moshi mweupe ulitoka mchana, tukiwa kazini. Kengele za kanisa zilianza kabla redio haijamaliza sentensi. Watu barabarani walikuwa wanakumbatiana, muuza mkaa anacheza na gunia lake, na Mama ameketi kwenye kigoda, mikono imelegea. Baba alisikiliza mpaka jina likatajwa. Akalirudia taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akavuta droo yake ya chini, akasogeza chaki, akatoa uzi wa manjano. Mzima, bado una karatasi yake. Akautia kwenye cherehani na kuanza upindo.

Mama aliutazama ule uzi, akamtazama yeye. Baba hakuinua kichwa.

“Ule wa kwenye soksi uache hukohuko,” alisema. “Utafaa siku nyingine.”

Kaka, huyu mzee alikuwa na uzi siku zote. Wote wawili walikuwa wanauchelewesha mlango wa kanisa, kila mmoja akimficha mwenzake, na mimi katikati natambaa chini ya meza natafuta.

Jioni ikafika. Nakiri sijawahi kuiogopa sala kama siku ile. Baba akamtaja Baba Mtakatifu mpya, akajikwaa kidogo, akalipatia jina. Akapita kwa askofu. Akapita kwa paroko. Akamtaja dada mkubwa. Nilisubiri Mama akohoe, hakukohoa. Nadhani hata pumzi alikuwa ameishika. Kisha Baba akasema, Bobini, na baada yako akanitaja mimi. Kuitikia tuliitikia vibaya, kila mtu kwa wakati wake, na Mama sauti yake haikufika mwisho. Baba akaendelea na marehemu.

Asubuhi yake alinipa ile kasula. Huwa ananipa mara moja kwa mwaka niipige pasi, kisha anairudisha kabatini. Safari hii aliniambia nikimaliza niipeleke kwa paroko, itapata mwili wa mtu mwingine huko. Halafu akavuta futi yake shingoni, akawa anaikunja na kuikunjua, akaniuliza mabega yako siku hizi yakoje. Nikasema sijui, nitakuandikia utume vipimo. Akakataa. Alisema mtu akijipima mwenyewe huvuta tumbo, na vipimo vya barua vimemharibia vitambaa vingi. Alisema pia mwanamume mwenye mke hawezi kukosa suti, na kwamba gauni la wifi nalo hashoni kwa kukisia.

Mama anakusalimu sana, anasema mje wote. Dada mkubwa ameshaambiwa, na kama ninavyomjua ameshawaambia wengine. Baba hajatuma salamu. Yuko hapa, tangu nianze kuandika anatafuta chaki mezani kwangu, na chaki iko sikioni mwake. Kitambaa chako kimekunjwa juu ya meza yake, cha bluu iliyoiva. Hajakikata, na amekataza mtu yeyote asiweke kitu juu yake.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,

wa kwenye pasi