Mama Hakusimama Mbele ya Mkwe

Jumatano. Joto la msimu wa korosho halijapungua hata baada ya alasiri, na mimi nimechoka mpaka kope.

Leo kijijini kwetu tulikuwa na mkutano wa kutoa maoni kuhusu hifadhi ya mto. Wataalamu walikuja kutoka Kilwa Masoko na mpango wao wa miaka mingi: wapi patapandwa miti, wapi watu watapumzika, wapi ng'ombe wasikanyage. Ni mpango mzuri, sikatai. Kingo za mto wetu zinabomoka kila masika. Ila kuna mstari mmoja unaosema hakuna kukata mmea wowote kando ya mto, na mama yangu anaishi kwa kusuka mikeka. Ukindu wake wote unatoka pale.

Mimi ndiye niliyekuwa karani. Mume wangu, Hashimu, ni mwenyekiti wa kamati ya mazingira, kwa hiyo kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Mume anauliza, mke anaandika. Watu walitutania sana, nasi tukacheka.

Wanaume walisema yao: mifugo, bustani za mboga, njia ya kwenda mashambani. Niliandika mpaka kidole kikauma. Kisha Hashimu akasema sasa ni zamu ya akina mama, wasiogope. Nikainua kichwa kumtafuta mama. Alikuwa nyuma kabisa, kanga imefika kwenye nyusi, uso ameugeuzia ukuta wa ofisi ya kijiji. Hashimu alipoanza kutembea na kipaza sauti kuelekea upande wao, mama aliinuka akatoka.

Kila mtu pale alijua kwa nini. Kwa heshima ya ukwe, mama hajatazamana na Hashimu tangu anioe. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Wakisalimiana, ukuta uko katikati. Sasa asimame mbele ya kijiji kizima amjibu?

Tulipanga viti, maji ya kunywa, turubai. Hilo hakuna aliyelifikiria, hata mimi binti yake.

Ningeweza kunyoosha mkono. Najua anavyokata: jani changa moja kwa kila mkindu, moyo anauacha, na harudi kwenye kichaka hicho mpaka mvua nyingine inyeshe. Vichaka vyake ni vilevile tangu sijazaliwa na bado vinachipua. Nilinyamaza kwa sababu karani hachangii. Na pia, niseme ukweli, sikutaka kumpinga mume wangu mbele ya wageni.

Kwenye muhtasari nikaandika: akina mama hawakuwa na maoni.

Niliandika mimi, kwa mkono wangu.

Tulipokuwa tunarudi, Hashimu alifurahi. Alisema hata mama ameridhika, maana hakusema kitu. Nikamjibu labda. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu si sababu.

Jioni hii nimekwenda kwa mama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kusuka, wala hakuniuliza chochote kuhusu mkutano. Nikamweleza kwamba maoni ya maandishi yanapokelewa mpaka kesho asubuhi, na asiyeandika anaweza kuandikiwa. Nikamweleza na lile gumu: kabla ya kufungwa kwenye bahasha, kila fomu itasomwa kwa sauti ofisi ya kijiji, na msomaji ni Hashimu.

Nilidhani atakataa. Alimaliza kwanza ukili aliokuwa nao mkononi.

"Andika, mwanangu," akasema. "Na jina langu uliweke. Mkwe akisoma, mimi nitakuwa shamba."

Kisha akasema mengi, polepole, na mimi nikajaza fomu mbele na nyuma. Hakuomba aachiwe mto. Aliomba wanaosuka waruhusiwe kukata kwa zamu, na wanaokata mpaka moyo wazuiwe. Wale wataalamu hawakuwa na wazo zuri kama hilo.

Nimeshaifuta ile sentensi yangu kwenye muhtasari. Hashimu sijamwambia. Sasa hivi anaoga uani, anaimba.

Kesho atasimama mbele ya watu aseme maneno ya mkwewe kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka mwisho. Mama atakuwa shamba. Mimi nitakuwa mezani pale pale, mbele yake, na sijui nitatazama wapi.