Mama Mkwe Anataka Kunifundisha Kuendesha Gari

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu upesi kwa sababu mwisho wa mwezi huu nanyang'anywa funguo za gari, tena si na polisi wala na benki, bali na mke wangu wa ndoa, ambaye tumelala kitanda kimoja miaka yote hii bila mimi kujua kwamba moyoni ananiona sijui kuendesha.

Mimi ni dereva. Sikuanza jana, nimeshika usukani tangu sina ndevu, na nusu ya ukoo wetu ni mimi niliyewafundisha. Mke wangu anaoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa, mimi nazipeleka kwa wateja na kigari chetu cheupe cha mizigo, yeye jiko mimi barabara, na hivyo ndivyo tunavyolea watoto. Tatizo ni kwamba hilo gari linakula kuliko watoto wenyewe. Leo mafuta, kesho pedi za breki, keshokutwa klachi, tairi zinalika upande mmoja kama soli za mtu anayechechemea, na kampuni ya bima imepandisha malipo eti kwa sababu ya mikwaruzo miwili mitatu ya kawaida tu, ile ya nguzo kukaa vibaya. Nikasema fundi ni mwizi, tukabadilisha fundi, nikasema na huyu naye ni mwizi, tukabadilisha tena, mpaka mafundi wa mtaa mzima wakawa wezi.

Basi Jumamosi moja mama mkwe akaomba lifti. Mama mkwe aliendesha mabasi ya abiria mpaka akastaafu, na sasa anafundisha kwenye chuo cha udereva, lakini hafundishi wanaoanza, anafundisha watu wenye leseni zao kabisa, wanauita udereva wa kujihami, namna ya kuisoma barabara na kulitunza gari. Nikataka aone kwamba binti yake ameolewa na dereva. Nikiona taa ya kijani mbele nakimbia, ikigeuka nyekundu nafunga breki, kwenye mteremko naweka gia nyutro kubana mafuta kama nilivyozoea, yaani mshauri, siku hiyo nilijituma kwelikweli. Huko nyuma keki ya ghorofa tatu ikagonga ubavu wa gari. Mama mkwe akasema kwa upole, "Baba, nishushe hapo dukani, nitamalizia kwa miguu." Duka lenyewe lilikuwa limefungwa.

Jioni akamwambia mke wangu, mimi nikiwa papo hapo sebuleni na kikombe mkononi, "Gari lenu halina ugonjwa, mwanangu. Lina dereva."

Tangu siku hiyo mke wangu hana neno lingine: niende kwa mama yake nikajifunze, au mwisho wa mwezi gari alichukue shemeji, mdogo wake wa kiume, ambaye alishapita kwa mama na sasa anaendesha kama amepakia watoto wachanga. Na mshauri, hapa ndipo penye aibu yangu. Niliwahi kushikwa na homa, shemeji akanishikia gari wiki nzima. Nilipopona nikakuta mshale wa mafuta umeshuka kidogo tu, na kazi ilikuwa ile ile, barabara zile zile. Nikajua mke wangu akiuona ule mshale nimekwisha. Nikaaga naenda kunyoa, nikazunguka mitaani na gari tupu mpaka mshale ukashuka vizuri, na wakati wa kurudi nikakwaruza lango letu wenyewe. Nywele sikunyoa.

Tena siku hizi wateja wanasema keki zetu ni ngumu. Nilimuuliza mke wangu, akanijibu bila kuinua macho kwenye bakuli, "Nimeziongezea unga. Zile laini hazifiki."

Sasa mshauri, mwanaume mzima nitakaaje kwenye gari langu mwenyewe, mama mkwe pembeni ananiambia punguza, tazama kioo, si hivyo baba? Nikikosea nitamtazama usoni vipi? Na nikikataa nitakuwa nani katika nyumba ile, mtu wa kushikilia boksi la keki huku shemeji anaendesha? Sijui kazi nyingine. Nisaidie.

Dereva Mkongwe

MSHAURI ANAJIBU

Dereva Mkongwe,

Barua yako niliisoma nikicheka, nikairudia nikakuonea huruma, mara ya tatu nikaishia kulihurumia gari. Hofu yako naielewa. Mtu mwenye kazi moja akiambiwa hata hiyo moja haijui, lazima usingizi umpae. Pole sana. Huruma yangu inaishia hapo.

Anza kwa kuwaomba radhi mafundi. Mchagua jembe si mkulima, na wewe umechagua mafundi mpaka mtaa umekuishia, wakati wote hao walikuwa wanatengeneza kilichoharibiwa na mguu wako. Unakimbilia taa ya kijani, unafunga breki kwenye nyekundu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, zako zinaishia kwenye taa. Umelipia mafuta ya kukimbia, umelipia pedi za kusimamia, na ukigeuza shingo yule uliyempita kwa mbwembwe yuko hapo pembeni yako anakula karanga. Dereva aliyefunzwa hutazama mbali. Akiona foleni mbele, anaondoa mguu kwenye mafuta mapema na kuliacha gari lipungue lenyewe. Hutamkuta anapanda kingo za barabara mpaka tairi zilike upande mmoja, na kwake nguzo zote zimekaa vizuri.

Na hiyo nyutro ya mteremkoni, achana nayo leo hii. Magari mengi ya siku hizi yakiteremka yakiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, injini hainywi kitu. Ukiweka nyutro, inabidi inywe ili isizime, na mzigo wote wa kulizuia gari unazibebesha breki. Miaka yote hiyo ulidhani unabana, kumbe unamwaga! Na ukawafundisha nusu ya ukoo wafanye hivyo hivyo. Mungu awasaidie.

Sasa tuje kwenye kunyoa. Bwana wee! Napokea barua za wanaume wanaoficha mishahara, wanaoficha wanawake, hata mmoja aliyeficha mbwa. Wewe ni wa kwanza kuficha mafuta yaliyobaki. Uliyachoma kwa makusudi ili mkeo asijue kwamba yanaweza kubaki, halafu ukaja kuomba ushauri kuhusu aibu. Mwambie ukweli jioni hii. Atafoka kidogo, huenda akacheka, na kwa vyovyote ameshaliona lango na ameshakiona kichwa chako.

Lakini kuna jambo umelipita juu juu, nami siwezi kulipita. Mkeo anaoka keki ngumu. Mtu anayeishi kwa jina la keki zake ameamua kuziharibu kidogo kila siku, akalaumiwa na wateja, akanyamaza, kwa sababu ilikuwa rahisi kwake kuongeza unga kuliko kukuumiza wewe. Sasa amechoka, na ana haki ya kuchoka. Hata hivyo angetaka kukutoa kwenye usukani angekwisha kukutoa, shemeji yupo na njia anazijua. Badala yake amekutafutia mwalimu. Unaona anakufukuza, mimi naona anakung'ang'ania.

Kuhusu mama mkwe, hebu kumbuka alivyokufanyia. Angeweza kupiga kelele barabarani. Alisingizia duka, akashuka, akatembea. Ni kweli jioni alikupa lako, lakini alikupa mbele ya mkeo, hakupeleka kwa majirani. Mwalimu mwenye ulimi wa namna hiyo na subira ya namna hiyo humpati kila mahali. Kama bado unaona haya, kiulize chuo kama kuna mwalimu mwingine, hakuna ubaya. Ila usiutumie huo kama mlango wa kutorokea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wako bado una nguvu.

Kabla hujaenda, toa makorokoro yote yaliyolala nyuma ya gari, maana nayo unayabeba kwa mafuta, na pima upepo wa tairi. Ukimaliza mafunzo, ipelekee kampuni ya bima cheti chako uwaulize kama kinapunguza kitu. Kampuni nyingine hupunguza, nyingine hazipunguzi, kuuliza ni bure.

Jumamosi hii amka mapema, nenda kamchukue mama. Mfungulie mlango wa mbele, mwambie "Mama, naomba unifundishe," funga mkanda, kisha funga na mdomo. Usimweleze ulianza kuendesha lini. Na kama hayo maneno matatu yatakushinda kuyatamka, usimngojeshe mkeo mpaka mwisho wa mwezi akunyang'anye funguo kwa uchungu. Mkabidhi shemeji wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na umshukuru.