Maji ya Mama Yako Hayakukufikia

Masanja, mchumba wangu,

Bado nausikia ule mlio wa kidole chako kwenye chuma. Meli ilikuwa inaacha gati la Mwanza, imejaa askari, nawe ulisimama ukingoni ukagonga mara moja, kisha mara mbili za haraka. Ndivyo ulivyokuwa ukibisha kwa mama yako kule Misungwi, naye akikujibu kutoka jikoni, "Nani huyo anayebisha kama mgambo?" Siku ile hapakuwa na wa kukujibu. Macho yako yalipita juu ya kichwa changu, yakimtafuta nyuma yangu.

Unakumbuka asubuhi uliyoondoka kwenda kusomea uofisa? Mama alichota maji kwenye kibuyu, akayashika mdomoni, akakupulizia kifuani ili uende salama na urudi. Shati lililowa. Mimi, mwalimu mgeni pale kijijini, nilitazama pembeni. Uliniona, ukacheka.

"Usinune, mwalimu. Hii ndiyo kofia yangu ya chuma."

Vita vilipoanza, dereva wa lori la jeshi aliniletea karatasi yako. Ilikuwa fupi: "Mwambie mama Ijumaa alasiri tunapanda meli ya Bukoba. Aje anipulizie maji. Usije bila yeye." Uliniandikia mimi kwa sababu mama hakujua kusoma, barua zako zote nilimsomea mimi. Aliniamini kama anavyoamini macho yake.

Nilikaa mbele yake na karatasi ile mkononi, nikasema, "Luteni anakusalimu, mama. Yuko mzima."

"Basi? Hasemi anapita lini?"

"Hasemi."

Masanja, niliona aibu. Nilimwona mama akilini mwangu, miguu peku katikati ya maofisa wenzako, na kibuyu chake, akikutemea maji juu ya magwanda yaliyopigwa pasi. Nilikuwa nimesoma. Jioni nilikuwa nikifundisha watu wazima kuandika majina yao, nikijiita mtumishi wa umma, lakini kusimama gatini na mwanakijiji mmoja kulinishinda. Nikapanda basi peke yangu.

"Mama yuko wapi?" uliniuliza kabla ya salamu.

"Miguu inamsumbua. Amesema nenda salama."

Rafiki yako alidakia, "Luteni, shemeji kaja na maandazi au kaja kulia tu?" Wote wakacheka. Wewe ulifunga kifungo cha shati ambacho, sasa najua, ulikuwa umekiacha wazi kwa ajili ya maji.

Askari walioleta habari walituambia kwamba baada ya kupandia meli Mwanza ulifia ng'ambo ya Mto Kagera, uliporudi kumbeba askari wako aliyejeruhiwa. Ulikuwa na miaka ishirini na sita. Siamini, hata leo, kwamba maji yangezuia risasi. Lakini ulimwita mama yako, nami nikaamua hafai kuonekana.

Kwenye matanga wanawake walimsifu mama kwa kuzaa shujaa. Alitikisa kichwa. "Shujaa gani anayepita Mwanza asimuage mama yake? Mwanangu alikuwa amenisahau." Nilikuwa nimeketi naye mkeka mmoja. Nilimpangusa machozi, nikanyamaza. Nimenyamaza hivyo miezi mingi, huku akija darasani kwangu kila jioni ya darasa, akishika chaki kama anashika jembe, mpaka herufi zikamkubali.

Jana nilikwenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Leo si siku ya darasa."

Nikamkabidhi karatasi yako. Sikumsomea. Alifuata mstari kwa kidole, silabi kwa silabi, nami nikavumilia kila moja. "A-je a-ni-pu-li-zi-e ma-ji." Alirudi mwanzo wa mstari, akausoma tena, safari hii bila kukatakata.

"Kumbe aliniita?"

"Alikuita, mama. Mimi ndiye niliyeficha."

Nilitamani anipige. Aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaingia ndani. Nilisubiri uani mpaka jua likanichoma kichwa. Kisha kutoka ndani nikamsikia akigonga ukuta kwa kidole: mara moja, halafu mara mbili za haraka. Nilijua sikuitwa mimi. Nikaondoka.

Nenda salama, Masanja. Nimechelewa, lakini barua yako sinayo tena. Imemfikia mwenyewe.

Mchumba wako,
mwalimu wa mama