Huenda ya Sokoni Ogembo

Mjukuu wangu Kemunto,

Twamshukuru Mungu, tu wazima. Nyanya yako yuko shambani anachuma chai. Umeuliza kama uniletee vidonge vya lishe kwa ajili ya magoti yangu.

Miaka ya sabini, nikiwa karani mpya, mchuuzi mgeni alileta vidonge kama hivyo sokoni Ogembo. Mama yangu, aliyeumwa magoti kama mimi sasa, aliapa kwamba akivipata ataacha dawa za hospitali. Mchuuzi akanipa chupa niwatafsirie watu Kiingereza kilichoandikwa juu yake.

"Sema vinaponya viungo, karani!"

Lakini nikasema kilichoandikwa: "Huenda vikasaidia."

Mama, ambaye Kiswahili alikiokota sokoni, akashangilia. "Kama vyenyewe huenda, na mimi nitaenda!"

Watu wakacheka. Mchuuzi alinikazia macho, nami nikamgeukia mama kwa Kigusii: "Si kwenda kwa miguu, mama. Ni labda."

Mama akamrudishia mchuuzi chupa. "Labda hata nyumbani ipo."

Tangu hapo nimesikia wanaovisifu na walioambulia patupu. Kwa hiyo nitamuuliza daktari kwanza. Wewe njoo mikono mitupu, tutembee hadi Nyacheki. Magoti yananiuma, lakini bado huenda.

Babu yako