Kitambaa Chekundu cha Sura ya Kumi na Moja

Mama Léonie mpendwa wa redioni, nisaidie, maana nina miaka sabini na minne, nina aibu, na bado kicheko kinanitoka nikiandika. Nilikuwa mwalimu kule Rutshuru kabla vita havijanileta Munigi, na mjukuu wangu Igihozo, wa miaka kumi na saba, anaandika riwaya katika kaye, daftari za shule, juu ya msichana Mahoro ambaye akicheka tu, mawe yaliyo chini ya miguu yake yanayeyuka, basi tangu utoto amekatazwa kucheka, na sura ya kumi imemwacha kanisani, kando ya Cédrick, mchekeshaji asiye na huruma, na padri ndiyo kwanza anaanza mahubiri. Avenue nzima, mtaa wetu wote, inafuata. Kila sura ikiwa tayari natundika kitambaa cheupe juu ya mlingoti mbele ya nyumba, watu wanakuja, nawasomea.

Jumatatu sura ya kumi na moja ilikuwa tayari, cheupe kilikuwa kimefuliwa, hakijakauka, nami kwa haraka nikatundika shuka jekundu la Igihozo. Hapa chini ya volkano kila mtoto anajua maana ya bendera nyekundu: mlima unalipuka, kimbia. Mama Pascasie alipita amefunga mbuzi mgongoni kwa kitenge, mumewe anamfuata mikono mitupu. Fortunat alibeba mlango wa nyumba yake. Walikaribia ziwa la Lac Vert ndipo wakageuka kuutazama mlima, nao umetulia kabisa. Hakuna aliyeumia. Lakini shefu wa avenue, Papa Grégoire, alipouliza shuka ni la nani, Igihozo alinitazama, akajibu, "Ni yangu, muzee. Ni mimi." Nami nikanyamaza, kwa kuwa mimi ni mjumbe wa kamati ya tahadhari ya volkano, mimi ndiye niliyewafundisha zile rangi. Sasa shefu amechukua kaye, watu wananong'ona kwamba nguvu za Mahoro ni za Igihozo mwenyewe, eti ni mulozi, mchawi, na watoto wanamwambia, "Dada, usicheke karibu na kwetu." Hacheki tena. Haandiki tena. Nikisema ukweli, nitabaki na heshima gani?

Muzee Ntirenganya, Munigi

Papa Ntirenganya, kwa yule mbuzi nimecheka hadi fundi wa sauti akanizimia mikrofoni. Kisha nimefika kwenye neno mulozi, nikaacha kucheka. Wewe uliyekimbia kwenu unajua vizuri jinsi watu wanavyoanza kumtenga mutu: kwanza mzaha, halafu fimbo. Na umemwacha mutoto abebe kosa la mwalimu mzima, kwa sababu ya heshima. Ni heshima gani hiyo inayolindwa na msichana wa miaka kumi na saba?

Jumamosi kuna salongo, kazi ya pamoja, avenue nzima itakuwa nje ikifagia na kuzibua mifereji. Usingoje wamalize. Simama mbele ya shefu, useme, "Shuka nilitundika mimi, cheupe kilikuwa kimelowa." Maneno hayo tu, bila hotuba, nyinyi walimu nawajua. Jitoe kwenye kamati kabla hawajakutoa. Omba kaye hadharani, umrudishie Igihozo mkononi. Halafu nenda ukae chini pamoja na wasikilizaji wengine, asome yeye.